"I work hardly": makosa ya vielezi vya Kiingereza yanayogeuza maana, na namna ya kuyarekebisha

Kijana anataka kumwambia mwajiri kwamba yeye ni mchapakazi. Anaandika "I work hardly", anatoa kopi tatu kwenye stesheni pale Manzese Darajani, anapanda mwendokasi kwenda mjini kupeleka bahasha. Barua imepangwa vizuri, jina la kampuni limeandikwa sawasawa, hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Tatizo ni kwamba mwajiri akiisoma sentensi ile anaelewa hivi: "Kazi huwa sifanyi, labda kidogo sana."

Neno lililomponza ni kielezi. Vielezi ni maneno yanayoeleza kitendo kimefanyika vipi, lini, wapi, mara ngapi au kwa kiasi gani: vizuri, jana, hapa, sana, bado. Mtu yeyote anayeongea Kiswahili anavitumia toka utotoni bila kufikiria. Shida inaanza pale anapovihamishia kwenye Kiingereza vikiwa vilevile, na mahali pa kukaa palepale.

Kwa mtoto wa Manzese aliyesoma shule ya msingi ya serikali, Kiingereza kinabadilika ghafla akifika Kidato cha Kwanza. Kilikuwa somo moja, sasa ndiyo lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Miaka minne baadaye kuna mtihani wa English Language, namba 022 kwenye karatasi za NECTA, halafu zinafuata barua za kazi na usaili. Kote huko vielezi vinapima mtu kimyakimya.

Yafuatayo ni makosa yanayojirudia kwa wanaofikiri kwa Kiswahili. Yale yanayobadili maana yamepewa nafasi kubwa kuliko yale yanayokwaruza sikio tu.

Ukiongeza -ly, neno linaweza kukugeuka

Shuleni kanuni inafundishwa hivi: chukua kivumishi, ongeza -ly, umepata kielezi. "Quick" inakuwa "quickly", "careful" inakuwa "carefully", "bad" inakuwa "badly". Ni kanuni nzuri na inafanya kazi kwa maneno mengi mno. Ila inapokataa, inakataa vibaya.

"Hard" tayari ni kielezi chenyewe. "I work hard" ndiyo "nafanya kazi kwa bidii". Katika Kiingereza cha kale, vielezi vingi viliundwa kwa kuongeza sauti -e mwishoni mwa kivumishi. Baadaye ile -e ikaacha kutamkwa, na kivumishi na kielezi vikabaki na sura moja. Ndiyo maana leo kuna "hard", "fast" na "late" ambazo zinafanya kazi zote mbili.

"Hardly" nayo ikachukua njia yake. Ilikuwa na maana ya "kwa shida", ikasogea polepole hadi kuwa "karibu hapana kabisa". Kiswahili kinaujua mwendo huo: ukisema "yule kwa shida sana utamkuta nyumbani", maana yake hayupo. Kwa hiyo "I hardly eat meat" ni "nyama sili, labda mara mojamoja". Na kwa kuwa ukanushi umeshaingia humo ndani, usiongeze mwingine. Sema "I can hardly hear you", si "I can't hardly hear you".

Neno lingine la namna hiyo ni "lately". Mtu amechelewa kwa sababu ya foleni ya Ubungo, anaingia kwenye usaili anasema "Sorry, I came lately." Alitaka kusema amechelewa, lakini "lately" ni "siku hizi" au "hivi karibuni". Sahihi ni "Sorry, I came late." Hiyo "lately" ihifadhi kwa sentensi kama "I haven't seen him lately", sijamwona siku hizi. Vilevile "near" ni karibu kwa mahali, na "nearly" ni kunusurika: "I nearly missed the bus", nilibakiza kidogo niachwe na basi.

"Fastly" haipo. Bodaboda anaenda "fast", mwanafunzi anasoma "fast", kila mtu ni "fast".

Kuna pia maneno yenye -ly ambayo si vielezi hata kidogo: "friendly", "lovely", "lonely", "ugly". Hivi ni vivumishi. Jirani na Manzese kuna Urafiki, eneo lililobeba jina la kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, kwa Kiingereza Friendship. Kutoka "friend" unapata nomino "friendship" na kivumishi "friendly". Kielezi cha neno moja watu hawakitumii. Ukitaka kusema muuzaji anaongea na wateja kirafiki, andika "She talks to customers in a friendly way."

Good na well, na pilau yenye pua

"She speaks English good" ni kosa maarufu. Kinachoelezwa ni kitendo cha kuongea, kwa hiyo inatakiwa "well". Utasikia Wamarekani wengi wakisema "good" mahali pa "well" kwenye maongezi na kwenye filamu. Kwenye barua usiwafuate.

Wapo wanaojirekebisha kupita kiasi, wakaanza kusema "The pilau smells well." Sentensi hiyo inasema pilau ina uwezo mzuri wa kunusa. Vitenzi vya hisia kama "look", "smell", "taste", "feel" na "sound" vikieleza hali ya kitu vinafuatwa na kivumishi: "The pilau smells good", "You look beautiful", si "You look beautifully".

Njia ya kujipima ni rahisi. Toa kitenzi, weka "is". "The pilau is good" inakubali, basi weka kivumishi. "She is English good" inakataa, basi tafuta kielezi.

Matangazo ya biashara yana uhuru wao. Apple walipotoka na "Think different" mwaka 1997, kulikuwa na wajuzi wa sarufi waliosema ilipaswa kuwa "differently". Kampuni iliuza kompyuta zake bila shida. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne hana bahati hiyo.

Bado: neno moja, kazi tatu

Hapa ndipo wengi wanaanguka, hata walio chuo. Kiswahili kina "bado" moja inayotosha. Kiingereza kimeigawa.

Jambo likiwa linaendelea, tumia "still": "bado nasoma" ni "I am still studying". Jambo likiwa halijatokea, tumia "not" pamoja na "yet", na "yet" ikae mwishoni: "bado sijamaliza" ni "I haven't finished yet". Na mtu akikuuliza "Have you finished?", lile jibu letu fupi la "Bado!" ni "Not yet." Wengi wanajibu "Still", na aliyeuliza anabaki anasubiri sentensi iishe.

Kuna tofauti ndogo inayofaa kujua kabla hujamwandikia bosi. "I haven't received my salary yet" ni taarifa ya kawaida, mshahara haujaingia. "I still haven't received my salary" ni malalamiko. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, ila ya pili ina mtu aliyekunja uso. Chagua kulingana na siku zilizopita.

Ile "bado kidogo" ya fundi cherehani, unapomuuliza kama suruali imekwisha, ni "almost" au "not quite". Na "bado dakika tano" haihitaji "still": sema "five minutes left".

Ndugu wa karibu wa "bado" ni "tayari". Mama lishe akisema "chakula tayari", hiyo ni "The food is ready." Akisema "The food is already", sentensi imekatika katikati. "Already" ni kielezi, inataka kitenzi cha kukieleza: "I have already eaten", nimeshakula.

Vielezi vilivyojificha ndani ya kitenzi

Mfano huo wa mwisho unaonyesha jambo ambalo vitabu vingi vya Kiingereza vinavyouzwa mtaani haviligusi. Kiswahili kinabeba sehemu ya vielezi vyake ndani ya kitenzi. Kiingereza kinaviweka nje, kama maneno yanayojitegemea.

Angalia "nimeshafika". Ile -sha- ndiyo "already". Angalia "sijafika". Ile -ja- ina "yet" ndani yake. "Ndo kwanza nafika" ni "I have just arrived." Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno hakioni kielezi kwenye Kiswahili chake, kwa hiyo hakiweki kwenye Kiingereza, au anakiweka mara mbili.

Kisa kizito zaidi ni cha "huwa". "Huwa naamka saa kumi na moja alfajiri" inatafsiriwa na wengi "I use to wake up at five", au "I used to wake up at five". Ya kwanza si Kiingereza sanifu. Ya pili ni sanifu lakini inasema kitu kingine: zamani nilikuwa naamka saa kumi na moja, siku hizi nimeacha. Fikiria mtu yuko kwenye usaili anaulizwa kuhusu nidhamu yake, anajibu kwa kujiamini, "I used to come early, I used to respect my boss." Amejimaliza mwenyewe bila kujua. Kielezi kinachotakiwa ni "usually", kwa kawaida, au "always", siku zote: "I usually wake up at five", "I always come early."

"Sijawahi" nayo ina mtego wake. Kwa Kiswahili unaweza kusema "sijawahi kamwe kuchelewa", na "kamwe" inakazia tu. Kwenye Kiingereza sanifu, kukanusha mara mbili kunafuta ukanushi. "I have not never been late", ukiipima kwa kanuni, inasema umewahi kuchelewa. Ukishaweka "never", acha "not": "I have never been late."

"Sana" si "too"

Manzese inajulikana kwa mitumba, na mitumba ni mahali pazuri pa kujifunzia hili. Muuzaji anamwonyesha mteja mgeni suruali, anasema kwa kuisifia, "This one is too big, my friend." Mteja anairudisha. Kwa masikio yake ameambiwa haitamtosha.

"Too" maana yake ni kupita kiasi, mpaka jambo linashindikana au linakuwa na kasoro. Kiswahili sanifu kina "mno" na "kupita kiasi" kwa kazi hiyo, lakini mtaani "sana" inafanya zote. "Viatu vidogo sana" inaweza kuwa maelezo tu, na inaweza kuwa sababu ya kutonunua. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "very small" ni maelezo, "too small" havivaliki.

Kipimo: malizia sentensi kichwani kwa "mpaka inashindikana". Ikikubali, weka "too". Isipokubali, weka "very". "Mwalimu wetu ni mzuri sana mpaka inashindikana" haileti maana, basi "Our teacher is very good."

Tena "very" haigusi kitenzi moja kwa moja. "I very appreciate" na "I very like" ni makosa. "Very" inakaa mbele ya kivumishi au kielezi kingine. Kwa kitenzi tumia "really" kabla yake, au "very much" mwishoni: "I really appreciate your help", "I appreciate your help very much."

Tu na "only" zinakaa pande tofauti

"Tu" inakaa nyuma ya kitu inachokibana. "Only", ukitaka usieleweke vibaya, inakaa mbele yake. Tazama muuzaji huyu wa viatu:

"Mimi tu nauza viatu Jumapili" ni "Only I sell shoes on Sunday." Wengine wamefunga.

"Nauza viatu tu Jumapili" ni "I sell only shoes on Sunday." Mikanda na mabegi siku nyingine.

"Nauza viatu Jumapili tu" ni "I sell shoes only on Sunday." Jumatatu usimfuate.

Kwenye maongezi Waingereza wenyewe huisogeza "only" mbele ya kitenzi, "I only sell shoes on Sunday", halafu wanategemea mkazo wa sauti kueleweka. Kwenye maandishi sauti haipo. Kama ni bei, muda au masharti, iweke "only" ubavuni mwa kitu chenyewe.

Usikae kati ya kitenzi na mtendwa

"Naongea vizuri Kiingereza" ni Kiswahili kizuri. "I speak well English" si Kiingereza kizuri. Kitenzi na kile kinachotendwa havipendi mtu wa katikati, kwa hiyo kielezi kinasubiri mwishoni: "I speak English well", "I speak Swahili fluently", "I like football very much". Hili ni kosa linaloonekana haraka kwenye CV kwa sababu karibu kila CV ina kipengele cha lugha.

Vielezi vya mara ngapi, yaani "always", "usually", "often", "never", vina kiti chao kabla ya kitenzi kikuu: "I always go to church", si "I go always to church" wala "Always I go to church". Kama kitenzi ni "am", "is", "are", "was" au "were", kielezi kinakaa baada yake: "She is always early." Kukiwa na kitenzi kisaidizi, kinaingia katikati: "I have always wanted this job." "Sometimes" na "usually" zimeruhusiwa kuanza sentensi.

Hata mimi

"Even me, I support Simba." Sentensi hii inasikika Dar, Nairobi na Kampala, na kila mtu anaelewa. Ukiwa mtaani na Mganda hakuna haja ya kujisumbua, imeshakuwa sehemu ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Kwenye mtihani na kwenye ofisi ya watu wasiotuzoea, andika "I support Simba too" au "So do I."

Sababu ni kwamba "even" inabeba mshangao. "Even Yanga fans clapped", hata mashabiki wa Yanga walipiga makofi: hiyo ndiyo kazi yake halali. Ukisema "even me", msikilizaji anajiuliza wewe una nini cha kushangaza.

"Pia" kwenye ukanushi inakuwa "either". Konda hana chenji na wewe huna: "I don't have change either", si "I also don't have" wala "I don't have too".

Jana usiku na leo asubuhi

"Yesterday morning" ni sahihi. "Tomorrow morning" ni sahihi. Kwa hiyo mtu anaona hakuna ubaya wa "yesterday night" na "today morning". Kwa bahati mbaya Kiingereza kimezitengenezea njia nyingine: jana usiku ni "last night", leo asubuhi ni "this morning", leo usiku ni "tonight". Ni za kukariri tu.

"Before two years" iandike "two years ago". "Since four years" iandike "for four years". "Since" inataka mwanzo wenyewe, kwa mfano "since 2015". Na kama bado unaishi Manzese, sema "I have lived in Manzese since 2015", si "I live in Manzese since 2015".

Kabla ya "last", "next" na "yesterday" usiweke "on" wala "in": ni "next Monday", si "on next Monday".

"Open everyday" kwenye kibao cha duka ni kosa. "Everyday" ikiwa neno moja ni kivumishi, "ya kila siku", kama "everyday clothes", nguo za kila siku. Ukitaka kusema duka linafunguliwa kila siku, tenganisha: "Open every day."

Simu haitakuokoa kila mara

Ule mstari mwekundu unaotokea ukiandika unakagua tahajia. "Hardly" imeandikwa sawasawa, kwa hiyo kikaguzi cha tahajia kinaipitisha. "Used to" nayo inapita, kwa sababu ni sentensi sahihi ya mtu mwingine mwenye maisha mengine. Programu za kutafsiri zinasaidia ukizitumia kinyumenyume: chukua Kiingereza chako, kirudishe kwenye Kiswahili, uone kama bado ndicho ulichotaka kusema. Kamusi nayo inafaa. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, inaweka alama "adv" kwa kielezi na "adj" kwa kivumishi. Dakika moja inatosha kujua "friendly" iko upande gani.

Na kuna njia ambayo waombaji wengi wanaisahau. Matangazo ya nafasi za kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa yanaeleza kwamba barua ya maombi inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kama tangazo linaruhusu na Kiingereza chako kina wasiwasi, andika Kiswahili kilichonyooka. Hakuna anayekulazimisha kuhangaika na kimombo.

Barua moja, kabla na baada

Mfano huu umetungwa, lakini makosa yake yote yameshatajwa hapo juu. Mwombaji anataka kazi ya mauzo dukani:

"I have sold clothes in Manzese since four years. I speak fluently Swahili and I speak English good. Always I arrive early and I work hardly. I very like to talk with customers friendly. I am already to start on next Monday."

Ikirekebishwa:

"I have sold clothes in Manzese for four years. I speak Swahili fluently and I speak English well. I always arrive early and I work hard. I really enjoy talking to customers in a friendly way. I am ready to start next Monday."

"Early" haikuguswa. Yenyewe ni kivumishi na ni kielezi, kama "fast". Sarufi sasa iko sawa, ingawa "I work hard" bado ni maneno ambayo kila mwombaji anayaandika. Mtu aliyeuza nguo miaka minne ana kitu bora cha kuweka hapo, kwa mfano "I opened our stall at six every morning." Hapo kielezi cha wakati kinambebea ushahidi ambao "hard" haiwezi kuubeba.

Limebaki neno la mwisho la barua, ambalo nalo ni kielezi. Wengi wanamaliza na "Yours faithful", au "Your's faithfully". Inatakiwa "Yours faithfully", bila alama ya kudondosha herufi, na "f" ikiwa ndogo. "Yours" ni "wako", "faithfully" ni "kwa uaminifu". Inatumika pale ulipoanza na "Dear Sir" au "Dear Madam" bila kumtaja mtu. Kama ulianza na jina lake, mfano "Dear Mr" na jina la ukoo, malizia na "Yours sincerely". Ukiwaandikia Wamarekani, "Sincerely" peke yake inatosha.